Weather.gov kwa kamati za misikiti: nyota tano, ukijua kuitazama saa ya kurudi

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mdogo kaskazini mwa Marekani. Kuanzia theluji ya kwanza hadi ya mwisho, moja ya kazi zangu ni kumshauri imamu kama swala ya jamaa, darsa na madrasa ya watoto viendelee au visimame. Nimejaribu programu kadhaa za simu kwa kazi hiyo, zote nimeziweka kando, nikabaki na huduma moja: weather.gov, tovuti ya National Weather Service, idara ya serikali ya Marekani ya utabiri wa hali ya hewa. Ni ya bure, haina matangazo ya biashara, na naipa nyota tano. Nawaandikia makatibu, maimamu na walimu wa madrasa wenzangu, hasa waliokulia kama mimi mahali ambapo baridi ya kuogopwa ilikuwa ya kipupwe.

Nianze na dini kabla ya tovuti, kwa sababu kamati nyingi hukwama hapo. Kila msimu hutokea ndugu anayeona kwamba kufunga msikiti kwa ajili ya theluji ni udhaifu wa imani. Ruhusa hii ni ya zamani kuliko sisi sote. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kwamba sahaba Ibn Umar, katika usiku wa baridi na upepo, aliadhini kisha akawatangazia watu waswali majumbani mwao, akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru mwadhini afanye hivyo katika usiku wa baridi au wa mvua. Na sahaba mwingine, Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwagiza mwadhini wake aseme "swalini majumbani mwenu" mahali pa "njooni kwenye swala". Watu walishangaa. Akawajibu kwamba aliye bora kuliko yeye alilifanya hilo, na kwamba Ijumaa ni wajibu, lakini hakupenda kuwatoa watu watembee kwenye matope na utelezi.

Utelezi, katika nchi isiyo na theluji. Imamu wetu alipotusomea hadithi hiyo kamatini, mzee mmoja wa safu ya kwanza, ambaye ndiye aliyekuwa akipinga zaidi, alinyamaza kidogo kisha akaniambia: "Basi Bwana Katibu, kazi yako ni kutuambia utelezi unaanza saa ngapi."

Hakuna aliyeieleza kazi yangu vizuri kuliko yeye, na hapo ndipo programu za simu ziliponishinda. Programu hukuonyesha kipande cha theluji na namba moja ya joto la siku nzima. Sasa namba ya siku nzima itanisaidia nini? Waumini wangu hawasafiri siku nzima. Wanakuja kwa saa fulani na wanarudi kwa saa fulani.

Kwenye weather.gov unaandika jina la mji au msimbo wa posta, kisha unaibonyeza ramani mahali penyewe msikiti ulipo. Utabiri unaoupata ni wa mraba wenye upande wa kilomita mbili na nusu hivi, kwa hiyo kama msikiti uko kilimani na mji uko bondeni, utaona tofauti. Shuka chini ya ukurasa hadi kwenye grafu ya saa kwa saa. Wengi hawaifikii, na kwangu mimi hiyo grafu peke yake ni nyota tatu kati ya zile tano. Inapanga pamoja joto, upepo, baridi inavyohisiwa mwilini upepo ukivuma, uwezekano wa mvua au theluji, na barafu inayotarajiwa kujikusanya, saa baada ya saa.

Ninachotafuta kwanza ni saa ambayo mstari wa joto unavuka nyuzi 32 za Fahrenheit, ndiyo sifuri ya Selsiasi, ukielekea chini. Chukua Ijumaa ya kawaida ya Februari: mchana joto ni 35, jua linatoka, theluji ya maegesho inayeyuka na kuwa majimaji. Swala ya Ijumaa inakwenda salama kabisa. Jua linazama, Magharibi mstari uko 30, Isha uko 24. Yale majimaji yamekuwa kioo, na kwenye lami nyeusi huyaoni. Mtu aliyeswali Ijumaa bila shida atakuja Isha akiamini njia ni ileile. Kwa siku kama hiyo uamuzi wetu ni Ijumaa ipo, darsa ya baada ya Magharibi haipo, Isha kila mtu kwake. Mwanzoni watu walikuwa wakiuliza inakuwaje msikiti ufungwe usiku wakati mchana jua lilikuwa likiwaka. Siku hizi grafu huchapishwa na kubandikwa kando ya ratiba ya swala, na maswali yamepungua.

Kwa hiyo swali letu kamatini limegeuka. Hatuulizi tena watu watafikaje, tunauliza watarudije.

Anayeona hayo ni maneno tu atazame yaliyotokea Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani usiozoea theluji, tarehe 28 Januari 2014. Theluji iliyoanguka haikufika hata inchi 3, sawa na sentimita 7 na ushei. Asubuhi watu walifika kazini na watoto wakafika shuleni. Theluji ilipoanza mchana, ofisi na shule zikawaachia watu karibu kwa wakati mmoja, barabara zikajaa magari, theluji ikakanyagwa ikawa barafu. Maelfu walikwama, wengine wakalala ndani ya magari, na kuna watoto waliolala shuleni. Kufika hakukuwa na tatizo lolote siku ile. Nikiifikiria madrasa yetu ya Jumamosi, na wazazi wanaoacha watoto na kwenda kazini upande wa pili wa mji, Atlanta ndiyo inayonijia.

Sasa viwango vya hatari. Tovuti ina ramani ya rangi, na hata asiyesoma Kiingereza anaweza kufundishwa rangi tatu. Bluu ni ilani ya kukaa macho: dhoruba inawezekana, mara nyingi inatolewa siku moja au mbili kabla. Zambarau ni angalizo: hali mbaya inakuja na itasumbua safari. Waridi ni onyo: hatari kubwa iko njiani au imeshafika. Dhoruba ya theluji na upepo mkali ina rangi yake, nyekundu iliyokaribia chungwa, na haitolewi ovyo: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, macho yasione zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu saa tatu. Rangi hiyo ikionekana juu ya wilaya yetu hatukai hata kikao. Katibu anamjulisha imamu, ujumbe unatoka.

Lakini msizifuate rangi kwa upofu, na hapa nina maoni makali. Angalizo la zambarau kwa ajili ya mvua ya kuganda naliogopa kuliko onyo la waridi kwa ajili ya theluji. Mvua ya kuganda hushuka ikiwa maji, ikikuta ardhi iliyo chini ya sifuri inaganda hapohapo, ikifunika barabara, ngazi, waya za umeme na matawi ya miti. Onyo la dhoruba ya barafu kwa kawaida husubiri barafu ifike robo ya inchi, milimita 6 hivi, kwa sababu hapo ndipo matawi huvunjika na umeme hukatika. Gari halisubiri robo ya inchi. Utando mwembamba tu unatosha, na madaraja hutangulia kuganda kwa kuwa baridi huyapiga juu na chini. Theluji nene unaiona, unaiheshimu, na magari ya kuparua yanaiondoa. Basi kwetu, kwenye grafu kukiwa na mvua ya kuganda katika saa ya kuja au ya kurudi, swala ya jamaa inasimama, rangi iwe yoyote.

Tena kuna chumvi. Tuna ndugu wanaojitolea kumwaga chumvi mlangoni, Mungu awalipe, na wengine huamini chumvi ni dawa ya kila baridi. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit, karibu 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Chini ya hapo unamwaga mchanga ili viatu vishike, na unakubali kwamba barafu haitayeyuka. Nikiona mstari wa grafu uko 10 saa ya Alfajiri, siwaamshi vijana wa chumvi bure.

Baridi tupu, bila theluji, ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa kuwa barabara ni kavu na anga ni safi. Idara hiyo ina jedwali lake la baridi na upepo, na mfano wake mmoja tumeubandika ukutani: nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani karibu 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unahisi 28 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Mwenye gari lenye joto mlangoni atasema nusu saa ni nyingi. Wapo wanaosubiri basi. Wapo ambao gari litawazimikia njiani. Tangu mwaka 2024 onyo la namna hii linaitwa onyo la baridi kali kupindukia, na linatolewa hata kama hakuna upepo.

Na hapa yapo mambo ambayo tovuti haiwezi kuyajua, wala si kazi yake. Haijui kwamba sisi tunatawadha. Mtu anatoka msikitini na nywele mbichi, miguu iliyofutwa nusu, soksi zenye unyevu, anavaa viatu vilivyokaa kwenye baridi ya ukumbi wa mlangoni. Ngozi yenye maji hupoteza joto haraka sana kuliko ngozi kavu. Jedwali linamhesabu mtu mkavu. Kwa hiyo kamati yetu, siku za baridi kali ambazo bado msikiti uko wazi, huwakumbusha watu watawadhe nyumbani, na anayevaa khofu, zile soksi za ngozi, apanguse juu yake, ruhusa ambayo kwa mkazi inadumu mchana na usiku wake. Haijui pia kwamba theluji ya viatu vya watu wengi inayeyuka kwenye vigae vya mlangoni na kuwa dimbwi, na kwamba wazee huteleza pale ndani, kwenye joto, baada ya kuvuka maegesho salama. Wala haijui kwamba dereva wetu wa kuwaleta wasio na magari ni kijana mmoja mwenye moyo wa kujitolea ambaye kamwe hatasema hapana. Yeye kamati ndiyo inayopaswa kumsemea hapana. Gari kubwa la abiria kumi na watano hupinduka kwa urahisi zaidi kadiri linavyojaa, na kwenye barafu sitaki kulijaza wazee.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, nikitoa grafu, ni ukurasa wa maelezo ya watabiri. Kila ofisi, na ziko 122 nchi nzima, huandika angalau mara mbili kwa siku kwa nini imetabiri ilivyotabiri. Humo wanasema wazi kama wana uhakika au hawana, kama mstari wa kati ya mvua na theluji unaweza kusogea, kama mifano ya kompyuta inapingana. Kiingereza chake ni kizito, lakini binti mmoja wa madrasa yetu ya wakubwa ameizoea lugha hiyo na sasa hutufasiria kila Alhamisi. Kwa kamati ni hazina. Nikijua mtabiri mwenyewe anasitasita, naandika ujumbe wa aina nyingine: Ijumaa ipo kwa sasa, angalieni ujumbe baada ya Alfajiri. Nikijua ana uhakika, sisubiri.

Kutosubiri ni jambo kubwa. Dhoruba ya theluji ya Buffalo, mji wa jimbo la New York, ya Desemba 2022 iliingia siku ya Ijumaa, tarehe 23. Watabiri walikuwa wameitangaza siku kadhaa kabla, kwa maneno mazito. Marufuku ya kuendesha magari katika wilaya ilianza saa tatu na nusu asubuhi hiyohiyo, wakati wengi wameshatoka. Hali ya dhoruba ilidumu saa 37 mfululizo uwanjani mwa ndege, na waliokufa katika eneo lile ni zaidi ya 40, baadhi yao ndani ya magari yao. Tangu tulipoyasoma hayo, kamati yetu haingoji serikali ifunge barabara. Utabiri wa Jumatano ukiwa na uhakika, tunatangaza Alhamisi baada ya Isha kwamba swala ya Ijumaa haipo, na kila mtu anaswali Adhuhuri rakaa nne nyumbani kwake. Tukishatangaza haturudi nyuma, hata anga likiamka safi. Kufuta na kufungua tena ndiko kunakowapeleka watu barabarani wakiwa na haraka.

Kuhusu kupeleka ujumbe, nitasema kwa kifupi. Tulilipia huduma moja ya kutuma ujumbe kwa wengi, siitaji jina, na ujumbe wetu ukafika watu wakiwa wameshakaa kwenye safu. Sasa tunatumia kundi la simu ambalo katibu peke yake ndiye anayeandika, na vijana wamegawana majina ya wazee wa kupigiwa mmoja mmoja. Ujumbe unataja swala gani imesimama, ipi ipo, na uamuzi unaofuata utatoka saa ngapi. Na mmoja wa wanaoishi jirani na msikiti hufika mlangoni kwa miguu kama njia inaruhusu, kwa sababu yupo mtu ambaye hatapata ujumbe wowote.

Redio ya idara hiyohiyo, NOAA Weather Radio, naipa nyota nne. Unahitaji kipokezi chake maalumu, maana masafa yake, kati ya megahezi 162.400 na 162.550, hayamo kwenye redio ya kawaida. Ukikiwekea msimbo wa wilaya yako kinalia chenyewe onyo likitoka, hata usiku wa manane, na chenye betri hufanya kazi umeme na intaneti vikikatika. Yetu iko ofisini mwa msikiti. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ni sauti ya kompyuta, kwa Kiingereza cha haraka, na vipimo vyote ni vya Fahrenheit na maili. Mzee aliyezoea Selsiasi akisikia "nyuzi ishirini" hudhani ni siku ya kuvaa kanzu nyepesi. Wekeni jedwali la kubadilisha vipimo kando ya redio.

Jambo la ziada kwa waweka hazina: msikiti ukifungwa, msizime hita ili kuokoa gharama. Iacheni angalau nyuzi 55, ndiyo 13 za Selsiasi, la sivyo mabomba ya mahali pa kutawadhia yataganda na kupasuka, na mtakosa msikiti kwa muda mrefu kuliko dhoruba yenyewe.

Nasisitiza haya yote sasa kwa sababu ya kalenda. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba. Tarawehe zote hizo zitakuwa katika miezi mibaya kuliko yote, na huisha usiku, wakati ule mstari wa grafu umeshashuka chini ya 32 na maegesho yameshaganda. Hakuna atakayetaka kuwa katibu anayefunga msikiti usiku wa ishirini na saba. Kwa hiyo kanuni yetu ya tarawehe tumeiandika na kuipigia kura mapema, ikiwa na saa yake ya mwisho ya uamuzi, baada ya Alasiri. Imamu ameshaeleza kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba tarawehe ya nyumbani, pamoja na mke na watoto, ni swala kamili. Kama kamati yenu bado haijafanya hivyo, fungueni ile grafu kikaoni, mbele ya wazee, na muwaonyeshe saa ya kurudi.